Gemu za FromSoftware: uanze kununua ipi?

Ukitaja FromSoftware mbele ya wachezaji, jibu utakalopata ni "zile gemu ngumu". Ni kweli, ila halimsaidii mtu mwenye hela mkononi asiyejua aanzie wapi.

Kampuni hii ya Tokyo ilianza mwaka 1986 ikitengeneza programu za maofisini. Gemu yake ya kwanza, King's Field, ilitoka Desemba 1994, PlayStation ikiwa ndiyo kwanza imeingia madukani Japani. Mwaka 2004 akajiunga Hidetaka Miyazaki, aliyeacha kazi kwenye kampuni ya programu ya Oracle akakubali mshahara mdogo zaidi. Alikabidhiwa mradi uliokuwa ukisuasua, na mwaka 2009 ukatoka kwa jina la Demon's Souls. Sony, wenye PlayStation, haikuona sababu ya kuuchapisha wenyewe nje ya Asia, kampuni nyingine zikaubeba. Miaka mitano baadaye Miyazaki akawa rais wa FromSoftware.

Orodha hii haifuati miaka. Inamfuata mgeni.

Namba moja ni Elden Ring (2022), na wala sisiti. Watu husema uanze na za zamani ili "uelewe". Hapana. Dakika chache tu baada ya kutoka pangoni unakoanzia utamkuta askari wa dhahabu juu ya farasi, akipiga doria njiani. Wageni wengi humvamia, na humalizwa kwa mapigo mawili matatu. Lakini hakuna anayekulazimisha kupigana naye: pita vichakani, katafute farasi wako, zunguka magofu, ongeza levo, kisha urudi kumdai deni. Gemu nyingine za kampuni hii hukuacha umekwama mlangoni kwa bosi mmoja, yaani adui mkubwa anayelinda njia, ilhali hii ina njia kumi za kwenda kwingine. Unaweza pia kuita mizimu ikusaidie vitani, na usimsikilize anayekwambia huo ni udanganyifu. Tatizo ni mashine. Kwenye kompyuta inataka RAM ya GB 12 na nafasi ya GB 60, kwa hiyo piga hesabu ya bando kabla ya kuipakua.

Nyongeza yake, Shadow of the Erdtree (2024), ni nzuri sana, ila usiinunue siku hiyo hiyo. Mlango wake haufunguki hadi uwaue mabosi wawili wa gemu kuu, Radahn na Mohg, na huko ni mbali. Wengi hawafiki.

Mwenye PS4 (PlayStation 4), namba mbili yako ni Bloodborne (2015). Hainunuliwi kwa mashine nyingine zaidi ya PS4, ingawa PS5 nayo huicheza. Hapa kujificha nyuma ya ngao hakuna maana: ukijeruhiwa, mrudishie adui haraka na sehemu ya uhai wako inarudi. Ndiyo maana mchezo wake ni wa kasi na hasira. Kero yake ni vichupa vya damu vya kujitibu. Vikiisha kwa bosi, inabidi uende kuwawinda wanyonge mitaani uvikusanye upya.

Dark Souls: Remastered ninaipa nafasi ya tatu, japo moyoni ni ya kwanza. Ni ile ya 2011, iliyosafishwa mwaka 2018. Unapanda, unapigana, unapotea, unafika kanisa bovu, unaingia lifti, na lifti inakushusha palepale ulipoanzia. Ulimwengu mzima umefungamana hivyo. Nusu ya pili inalegea, hasa eneo la Lost Izalith, ambako kazi inaonekana ililipuliwa.

Sekiro (2019) ilitwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards, lakini ni ya nne kwa sababu haina pa kukimbilia. Huwezi kuita rafiki, na huwezi kulundika levo ukamzidi bosi nguvu. Ni kukinga upanga kwa wakati wake, basi. Kwa upande wa pili, unaweza kuisimamisha mtoto akilia, jambo ambalo ndugu zake hawaruhusu, na inatosheka na RAM ya GB 4.

Zilizobaki kwa haraka. Dark Souls III (2016) ni salama kwa kompyuta ya wastani. Demon's Souls ya PS5 ilitengenezwa upya na kampuni ya Bluepoint, na inapendeza macho. Armored Core VI ni ya maroboti, ladha tofauti kabisa. Dark Souls II iache mwisho. Nightreign (2025) imeundwa kwa watu watatu, hivyo bila marafiki wenye intaneti ya uhakika utaumia bure.

Ukinunua diski ya mtumba, muulize muuzaji kama nyongeza ziko ndani ya diski au zilikuja kwa namba ya siri kwenye boksi. Kama ni namba, huenda mwenye kwanza alishaitumia, kwa hiyo lipa bei ya gemu tupu.