Mulika au Swahili Forum?

Una makala kuhusu majina ya kanga, yaani misemo inayoandikwa juu yake. Uipeleke jarida gani? Mulika, la TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huchapa kwa Kiswahili masuala ya lugha, fasihi na utamaduni. Humo pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina la kanga huweza kujadiliwa kwa maneno ya wavaaji wenyewe, bila kupitia tafsiri. Kwangu hilo ni jambo kubwa mno.

Swahili Forum, lililoanza Ujerumani mwaka 1994, hupokea makala za Kiingereza pia, na husomwa bure mtandaoni. Mwanafunzi aliye Pemba au Bujumbura anaipata makala siku hiyo hiyo. Ya kanga ningewapa Mulika. Ukitaka kujadiliana na watafiti wasiosoma Kiswahili, nenda Forum.