Tambi zao za mazesoba tamu, ila ile mashine!

Mtu unafungua mgahawa mpya hapa Nagoya, Japani, rangi bado inanukia ukutani, maua ya ufunguzi wapita njia wameshayanyofoa yote kama desturi ya mji huu, halafu mashine ya tiketi unaenda kuokota mtumba? Wiki kadhaa zimepita na bado nikikumbuka nafura.

Kwa msiojua, migahawa mingi ya tambi huku hulipi mezani. Mlangoni kuna mashine: unatumbukiza hela, unabonyeza kitufe, inatema tiketi, unampa mpishi. Sasa mimi nikatumbukiza noti yangu ya yeni 1,000. Ikarudi. Nikainyoosha pajani, nikaigeuza. Ikarudi tena, na mlio juu, ili foleni nzima ijue kuna mtu kakwama.

Noti yenyewe haikuwa na kosa. Ni hizi mpya za mwaka 2024, zenye sura ya daktari Kitasato. Mashine ilikuwa inamtaka Noguchi wa noti za zamani. Na huyo Noguchi ni daktari aliyefia Accra mwaka 1928, akichunguza homa ya manjano. Yaani aliyekuja kufia Afrika anapokelewa, Mwafrika mzima kasimama na njaa yake anarudishwa mlangoni!

Nikamwita kijana wa kaunta. Hakufungua kinywa. Akapishanisha mikono kifuani, alama ya X, akaendelea kuchuja tambi. Nikamwonyesha noti, nikimaanisha basi pokea mkononi, mimi na wewe tunaelewana. X nyingine. Kisha akanyoosha mwiko kuelekea nje. Mwiko! Nyumbani Moshi mtu akikuelekezea mwiko ujue ni mbwa umeingia jikoni.

Nikatoka hadi kiduka cha jirani, nikanunua bigijii nisiyoihitaji ili nipate chenji. Nikarudi mwisho wa foleni. Zamu yangu ikafika, nikatumbukiza sarafu ya 500, ile ya rangi mbili iliyotoka 2021. Klang! Hiyo hapo chini. Nayo haitakiwi.

Hapo nilishageuka niondoke. Bibi mmoja nyuma yangu, mfupi, mwavuli mkononi, akanigusa kiwiko. Akafungua pochi yake, akatoa Noguchi mmoja aliyekunjika mara nne, akanipa. Nikamhesabia sarafu zangu mkononi mwake, nikainama, naye akainama, nikainama tena. Mashine ikaimeza ile noti kuukuu bila hata kukohoa.

Chakula sasa. Ni mazesoba, tambi nene zisizo na mchuzi, na hii wanaiita ya Taiwan ingawa imezaliwa hapahapa Nagoya mwaka 2008. Nilikaa kwenye kaunta nimenuna, nimejiapiza kutokufurahia kitu. Yule kijana akachemsha tambi, akazisugua kwa kijiti ndani ya chujio mpaka ngozi yake ikachubuka, ili zishike rojo. Juu akapanga nyama ya kusaga yenye pilipili, majani ya vitunguu, kitunguu saumu, mwani, unga wa samaki unaonukia kama dagaa wakavu, na katikati kiini cha yai bichi. Nyama ni kitimoto, kwa hiyo ndugu zangu Waislamu ulizeni kwanza.

Unachanganya mwenyewe kuanzia chini, haraka, kabla haijapoa. Mimi nilichanganya kwa hasira, na nadhani ndiyo siri yake. Kiini kikapasuka, kila utambi ukavaa mafuta, ukali ukaja taratibu nyuma ya ulimi. Miaka yote huku nimekunywa supu za rameni nikiamini tambi bila supu ni ugali bila mboga. Nilikosea. Nilikaribia kulia, na sijui kama ni pilipili au ni kushindwa.

Ukimaliza tambi, unaomba wali kidogo, bure, unafutia rojo lililobaki. Mimi sikuomba, kiburi. Yule kijana akaja mwenyewe, akaudondosha bakulini mwangu, akaenda zake. Bila neno. Sasa hiyo ni samahani au ni kazi yake tu? Nimeliwaza hadi leo.

Nilikaa kuandika niwaambie msiende. Lakini tangu niifikie sehemu ya kiini cha yai nameza mate, na kusema kweli nimeshakwenda mara mbili tena. Mashine haijabadilishwa. Yule kijana bado ana mikono yake ya X; mara ya mwisho alimpigia mzee mmoja wa suti, Mjapani mwenzake, nikafurahi kuliko inavyopasa.

Mkienda, chukueni noti za zamani. Mimi nikirudishiwa chenji yenye Noguchi simtumii popote pengine. Ninao watatu nyuma ya kitambulisho changu cha ukaazi, na mmoja kati yao ni wa yule bibi siku nikimwona.