TAHADHARI: Wale wa "mafunzo ya bure na cherehani ya kuanzia" ni matapeli, msiwape hata senti

Ndugu zangu, hii ni kwa yeyote ambaye bado anasubiri tarehe ya kufungua mafunzo hayo. Hakuna kufungua. Ukumbi umefungwa, namba zote tatu hazipatikani, na kwenye kundi la WhatsApp kwanza walizuia watu wasiandike, wakabaki maadmini tu, kisha wakaanza kututoa mmoja mmoja, wa kwanza wakiwa wale waliouliza maswali. Wale wa fulana za bluu waliochukua amana zetu ni wezi. Wamehama, hawajaacha kazi, kwa hiyo mwenye ndugu au jirani anayetafuta ufundi amfikishie habari hii leo.

Wengi wanasema pembeni, "Mimi nisingeingia." Ungeingia. Angalia ilivyokuwa pale ukumbini.

Unafika, jina lako linaitwa kutoka kwenye orodha iliyochapwa. Hapo tu moyo unalegea, maana mtu aliyezungushwa miezi kwenye ofisi za watu leo anaitwa kwa jina lake kamili na kuonyeshwa kiti. Mbele kuna cherehani sita za kukanyaga kwa miguu, mpya, bado zina nailoni. Pembeni mashine ya kuchomelea na kofia yake. Ukutani cheti cha usajili ndani ya fremu. Anasimamishwa mama mmoja, anatambulishwa kuwa mhitimu wa awamu iliyopita, anakabidhiwa cherehani mbele ya kamera, analia, ukumbi mzima unapiga makofi. Kisha mzungumzaji anashika kipaza sauti na kusema mafunzo ni bure kabisa, mfadhili ameshalipa kila kitu. Ananyamaza kidogo. Ndipo anasema kuna amana ya vifaa tu, itakayorudishwa siku ya mahafali pamoja na cherehani yako, "kwa sababu awamu iliyopita kuna wenzenu walichukua vifaa wakaenda kuuza."

Sentensi hiyo ndiyo iliyotumaliza. Kila aliyewahi kuwa kwenye mradi anajua vifaa huwa vinauzwa kweli. Kwa hiyo amana ilionekana kama busara ya watu wanaoijua kazi yao, na ukisita kulipa unaonekana na wewe ni wale wale wa kuuza.

Nafasi 40, wanasema, na waliokaa wanazidi mia mbili. Foleni inaanza kabla hajamaliza kuongea. Mezani kijana anakutajia namba ya kutuma pesa. Unaiingiza, na kabla ya namba ya siri simu inakuletea jina la anayepokea. Ni jina la mtu. Si la shirika. Unainua macho, unamuuliza, naye bila hata kukutazama anasema, "Huyo ni mhasibu wetu, akaunti ya shirika inasubiri sahihi ya mfadhili." Nyuma kuna mama ana mtoto mgongoni anakusukuma taratibu. Kidole kiko kwenye simu. Jina liko pale pale, limeandikwa wazi, na bado watu waliliona na wakabonyeza. Wote. Hilo ndilo linalochoma kuliko pesa yenyewe.

Na tuliamini kwa sababu zenye uzito. Ukumbi ni wa taasisi inayoheshimika, na hakuna aliyewaza kwamba umekodishwa kwa siku moja kama unavyokodishwa kwa harusi. Cheti cha usajili kilikuwepo, na huenda ni cha kweli, lakini cheti hicho kinasema tu kwamba kikundi kimeandikishwa. Hakisemi kwamba kimeruhusiwa kufundisha ufundi wala kutoa vyeti; hicho ni kibali kingine, kutoka mamlaka nyingine. Kubwa zaidi ni mbinu yao ya kumi kumi: ukileta watu kumi waliolipa, amana yako inasamehewa. Ndiyo maana kila mmoja wetu aliletwa na mtu anayempenda. Wale walioleta wenzao sasa wanajificha, hawapokei simu. Msiwarukie. Wao pia wameliwa, na baadhi wanalipa madeni ya watu kumi kutoka mfukoni kwao.

Sasa vile vifaa. Picha tunazo, kila mtu alipiga. Zikuze uzitazame vizuri. Cherehani ya miguu inazungushwa na mkanda wa ngozi unaotoka kwenye gurudumu kubwa la chini, unapanda kupitia meza hadi gurudumu la mkono. Hakuna hata moja kati ya zile sita yenye mkanda. Bila mkanda unaweza kukanyaga hadi kesho, sindano haitashuka. Na sindano zenyewe hazipo. Pale zinapofungwa ni tupu. Darasa linalofanya kazi lina alama zake: manyoya ya uzi chini ya bamba la sindano, mafuta yaliyochafua kitambaa, vipande vya majaribio vimezagaa, mshono umepinda, bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini, hazitoshi na watu wanazigombania. Pale palikuwa pasafi kama dukani, na huenda ni za dukani kweli, zimeazimwa asubuhi zikarudishwa jioni.

Mashine ya kuchomelea ndiyo ingetufungua macho zaidi. Inatakiwa iwe na waya mbili nzito: mmoja wa koleo linaloshika kijiti cha kuchomelea, wa pili wenye kibanio kinachong'ata chuma unachounga. Bila huo wa pili umeme hauzunguki na cheche haiwaki. Kwenye picha waya ni mmoja. Kofia nayo ina kioo cheupe, wakati mchomeleaji wa vijiti anahitaji kioo cha giza, kwa kawaida namba 10 au 11. Ukichomelea na kioo cheupe, usiku huo macho yanawaka kama yametiwa mchanga. Na vijiti viko wapi? Anayeanza anaunguza pakiti nzima kabla mkono haujatulia. Kufundisha uchomeleaji ni gharama ya vijiti na vyuma chakavu kila siku. Mwalimu halisi ukimuuliza, "Kila mwanafunzi anapata vijiti vingapi kwa wiki?" anakujibu papo hapo, na huenda analalamika havitoshi. Tapeli anakuambia mfadhili ataleta.

Hata hesabu ilikuwa wazi. Chukua watu 120 tu kati ya wale waliokuwa ukumbini, kwa cherehani sita. Ni watu 20 kwa mashine moja. Kipindi cha saa tatu kinampa kila mtu dakika tisa za kukaa kwenye mashine, na hizo ni kama hakuna uzi unaokatika. Katika dakika tisa anayeanza hajamaliza kutia uzi wa juu na kupandisha wa bobini. Hakuna fundi anayetoka hapo baada ya wiki sita za mafunzo.

Halafu kuna sehemu ambayo watu hawaisemi kabisa, na ndiyo itakayotufuata muda mrefu. Mnakumbuka karatasi ya mahudhurio? Ilikuwa na safu ya jina, safu ya namba ya kitambulisho, safu ya sahihi, na safu moja imeandikwa "nauli na posho" ambayo haikujazwa kiasi. Tulisaini wote. Karatasi ya namna hiyo, ikishajazwa kiasi baadaye, ni ushahidi mbele ya mfadhili kwamba watu walilipwa. Picha za yule mama akilia, za watoto, za foleni, hizo ni za kuombea michango kwingine. Nakala za vitambulisho tulizowapa zinaweza kusajili laini za simu na kuchukulia mikopo ya mtandaoni kwa jina lako. Kwa hiyo wametuibia sisi, na sasa wanatutumia kumwibia anayetaka kusaidia watu kama sisi.

Wakamatwe. Sisemi waonywe, nasema wakamatwe wafungwe, na akaunti ya huyo "mhasibu" izuiwe kabla hajaimaliza. Mwenye ukumbi alete mkataba wa kukodisha na nakala ya kitambulisho cha aliyesaini; hawezi kusema hamjui mtu aliyempa funguo. Yule mama wa cherehani ahojiwe, maana ama ni mwenzao ama amelipwa kulia. Na warudishe pesa ya yule binti aliyeuza simu yake ili alipe amana, kwanza yeye kabla ya wengine wote. Wametafuta watu wasio na kitu, wajane, vijana waliokaa nyumbani, watu wenye ulemavu, wakawachagua hao makusudi kwa kuwa wanajua hawana wakili wala nauli ya kufuatilia kesi. Mtu wa namna hiyo asipewe dhamana.

Dalili, kwa atakayekuja kualikwa. Pesa kwenda kwa jina la mtu binafsi, simama hapo hapo, usisikilize maelezo. Risiti yenye namba iliyoandikwa kwa kalamu badala ya kuchapwa. Kuharakishwa. Kituo kisicho na mahali pa kudumu ambapo unaweza kwenda siku ya kawaida bila taarifa ukakuta watu wanajifunza. Mhitimu unayeonyeshwa jukwaani lakini hupewi wahitimu wengine wawili wa kuongea nao peke yako. Cheti: uliza kinatolewa na nani, chukua namba ya kituo, nenda mwenyewe kwa mamlaka ya mafunzo ya ufundi ukaulize, usipige namba waliyokupa wao. Baadhi ya mashirika ya kweli pia hutoza ada ndogo ya kuonyesha nia, kwa hiyo ada peke yake si kosa. Lakini kazi ni jambo jingine. Umoja wa Mataifa hautozi malipo katika hatua yoyote ya kuajiri, si maombi, si usaili, si mafunzo. Na Mkataba Namba 181 wa mwaka 1997 wa Shirika la Kazi Duniani, kifungu cha 7, unakataza wakala binafsi wa ajira kumtoza mtafuta kazi, isipokuwa pale nchi iliporuhusu kwa makundi maalumu. Akikuahidi ajira baada ya mafunzo na akataka malipo kwa ajili ya hiyo ajira, ondoka.

Kwa tulioliwa tayari: pigia huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia kutuma pesa, leo, uwape namba ya muamala na uombe wazuie, kila saa inayopita pesa inatolewa. Usifute meseji wala kutoka kwenye kundi kama bado hujatolewa, piga picha skrini zote, na ile meseji ya muamala yenye jina la mpokeaji ihamishie kwenye simu ya mtu mwingine. Nendeni polisi pamoja, kumi au ishirini, kila mmoja na maelezo yake, mchukue namba ya jalada. Uliza mtandao wako kuna laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako na zifungwe usizozijua. Kwenye maelezo ya polisi taja na ile karatasi ya posho: kwamba ulisaini ikiwa haina kiasi na hukupokea chochote.

Na kuanzia jana kuna mtu anapigia watu akisema yeye ni wakili, anaweza kurudisha amana zetu kwa "gharama ya kufungua faili." Ana orodha yetu, anataja majina kamili na tarehe tuliyolipa. Orodha hiyo wanayo wale matapeli tu. Usimlipe, mrekodi, na namba yake ipelekwe kwenye jalada lile lile.