Sekiro kwenye PS4: uzoefu wangu, na ugomvi wangu na binamu

Diski nilinunua ya mtumba, sh. 55,000, kwa jamaa mmoja anayetengeneza simu hapa Mtwara mjini. Gemu lenyewe si jipya. Sekiro: Shadows Die Twice lilitoka Machi 2019, kazi ya FromSoftware wa Japani, na mwaka huohuo likabeba tuzo ya gemu bora la mwaka kwenye The Game Awards. Kwangu mimi sijaona gemu lenye mapigano matamu kuliko haya. Binamu yangu wa Mikindani alilicheza wiki moja kwenye kibanda cha gemu, akanipigia simu: "Kaka, hamna kitu humu. Mapigano mabovu. Unabonyeza, mtu hasikii."

Tuligombana mwezi mzima.

Nianze na utamu wake. Waliokulia huku kusini wamewaona kina mama wawili wakitwanga makopa kwenye kinu kimoja. Mchi wa huyu ukipanda, wa mwenzake unashuka, na hakuna anayehesabu. Sekiro ni hivyo. Ukishikilia kitufe cha L1 unakinga tu. Ukiigusa L1 palepale upanga wa adui unapofika, unaupangua: cheche kubwa zinaruka, chuma kinalia kwa sauti kali. Ukikosea kidogo, mlio unakuwa mzito, na mwili unajua kabla ya macho. Kila pigo unalolipangua linamyumbisha adui, mstari wake wa uthabiti unajaa, na ukijaa unammaliza kwa pigo moja hata kama damu bado anayo nyingi. Mabosi, yaani maadui wakubwa wa gemu, ndio hufufuka, unaanza nao upya.

Sasa hapo ndipo wengi wanapopotea. Ukikimbia, adui anapumua na ule mstari unashuka. Waliotoka kwenye magemu ya kubingirika na kukwepa wanakuja na tabia hiyo, wanazunguka uwanja kama kuku aliyeona mwewe, halafu wanasema adui hafi. Hafi kwa sababu unampumzisha! Na ukiichapa L1 ovyo ovyo ukibahatisha, gemu linakubana zaidi, muda wa kupangua unazidi kuwa mfupi.

Genichiro, bosi wa juu ya kasri la Ashina, aliniua siku nne mfululizo. Mama alikuwa akipita sebuleni na ndoo ya maji: "Mwanangu, huyo mtu wako kafa tena?" Kafa, Mama. Siku ya tano, mwishoni, jamaa kavua mavazi ya vita anarusha radi. Niliruka, radi ikanipata hewani, nikakata kabla sijagusa chini, ikamrudia mwenyewe. Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza nani kafunga goli.

Lawama zangu zipo. Kamera ukibanwa kwenye kona inageuka adui wa pili. Hakuna kuchagua ugumu, wote tunachinjwa kisu kimoja. Na gemu zima unapigana na upanga mmoja, na vifaa vya mkono wa bandia. Anayependa kukusanya silaha na kumjenga mtu wake atakavyo, hapa atakaa na njaa. Huyo simlaumu, lake ni tumbo lingine.

Lakini la binamu halikuwa tumbo. Jumamosi moja nikamfuata kwenye kile kibanda chake nimwonyeshe kazi. Genichiro yuleyule, ambaye nyumbani sasa nilikuwa namfunga bila jasho, akanilaza mara mbili awamu ya kwanza. Watoto nyuma ya benchi wakacheka. Kidole kilikuwa kinabonyeza palepale pa siku zote, lakini mlio unatoka ule mzito.

Tulikuja kuona shida ni runinga. Kubwa, nzuri, mwenye kibanda kaiweka kwenye hali ya sinema ili mpira ung'ae. Kwenye hali ile runinga inaisafisha kwanza kila picha ndiyo ikuonyeshe, na runinga nyingi hapo hula milisekunde 100 au zaidi. Kwenye gemu la kuendesha gari unaweza usione. Kwa Sekiro, unachokiona kimeshapita. Nikaomba rimoti (imefungwa mpira wa baiskeli, haina kifuniko cha betri), nikatoa Sinema nikaweka Gemu. Rangi zikafifia, mwenye kibanda akanuna, lakini binamu akapangua mapigo manne mfululizo kisha akanigeukia kimya.

Na mimi nikala yangu siku hiyohiyo. Siku zote nilikuwa namcheka kwa kuipenda The Witcher 3 ya 2015, kwamba ni kubonyeza kitufe cha mraba mpaka zimwi lianguke. Akaniuliza: "Wewe uliicheza kwenye ugumu gani?" Rahisi. Yeye aliicheza Death March, ngazi ya juu kabisa, ambako usipopaka upanga mafuta yanayolingana na zimwi na usipowasha kinga ya Quen, mapigo machache tu umekwisha. Nililolalamikia zaidi, kwamba Geralt, shujaa unayemwendesha, anajizungusha wakati mimi nilitaka pigo la haraka, akanieleza kuwa umbali wako na adui ndio unaochangia pigo lipi litoke. Mimi nilikuwa napiga nikiwa mbali. Bado silipendi lile jambo, nataka kitufe changu kinitii. Ila sisemi tena ni bovu.

Kama utainunua Sekiro, angalia kwanza runinga yako, halafu jipe wiki mbili kabla ya kuitukana. Ikiwa huna hizo wiki, pesa hiyo kanunulie kitu kingine.

Diski sasa iko Mikindani. Juzi kanitumia picha ya Genichiro kapiga goti, chini kaandika: "Kaka, bado silipendi."