Egnogi ya moto Kabale, ukipita huku usiikose

Wadau mnaopanda Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, au mnaoenda ziwa Bunyonyi, kuna kamgahawa kadogo mjini pale kanapika egnogi ya moto, na mimi naona ndo kinywaji kinachofaa baridi ya huku kuliko hizi soda za friji tunazopewa kila mahali. Kwa wasioijua ni maziwa, kirimu, viini vya mayai, sukari na kungumanga. Wamarekani wanainywa sana Disemba kwao kukiwa na baridi kali, asili yake inarudi Uingereza ya zamani walikokuwa wanachanganya maziwa ya moto na pombe, sasa ilivyofika Marekani ramu kutoka Karibiani ndo ilikuwa rahisi wakaweka hiyo. Kampala Disemba ni jua tu, lakini Kabale iko juu zaidi ya mita 1,800, jaketi unavaa usiku mwaka mzima, kwa hiyo huku haina msimu.

Kilichonifurahisha kabisa ni kwamba mayai yanapikwa. Jiko liko wazi unaona kila kitu, dada anapiga viini na sukari mpaka vinapauka, halafu anamimina maziwa ya moto kidogo kidogo huku anakoroga bila kupumzika, maana ukimwaga yote kwa pamoja yai linaganda unabaki na vipande vipande, kisha anarudisha kwenye moto mdogo mpaka uji unashika mgongo wa kijiko. Ukifikisha nyuzi 71 hivi za selsiasi, salmonela, bakteria wa mayai mabichi wanaoumiza tumbo, imekufa. Nasisitiza kwa sababu kuna sehemu nyingine nilishapewa ya mayai mabichi nikaambiwa eti pombe imeua vijidudu, jamani, kamfuniko ka pombe kwenye glasi dakika tano hakaui kitu, na mtu anaweza kumpa mama mjamzito hiyo!

Kungumanga anaikuna hapo hapo juu ya kikombe, harufu inakufikia kabla hujashika mkono wa kikombe. Maziwa nayo ni mazito ya kutoka kwa wafugaji, sio ya pakiti, na inaonekana.

Sukari sasa. Ni nyingi mno, mwambieni nyabo (yule dada) apunguze mapema kabla hajapiga viini, baadaye haiwezekani. Na wakikuuliza kama uwekewe waragi, pombe kali ya Uganda, kataa, ile harufu yake kama ya pombe ya jini (gin) inapigana na kungumanga na hakuna inayoshinda, chukua ya ramu au kavu bila kitu, mimi ya bila kitu ndo naipenda zaidi.

Bei shilingi za Uganda 12,000 bila pombe, ya ramu 17,000, kikombe cha kawaida. Sio rahisi ukilinganisha na bushera (kinywaji cha mtama) ya jirani ila kwa mayai na kirimu iliyomo naona ni haki. Wanaanza kupika saa kumi na moja jioni, sufuria ni moja tu, wikendi watalii wakirudi kutoka ziwani inaisha mapema, na Jumatatu wanafunga.