Kompyuta Kuukuu: Uongeze RAM au Uweke SSD?

Hapa Malindi swali hili haliishi: kompyuta ya mezani imechoka, pesa ni za kubana, nianze na lipi: RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa) au SSD (diski ya chipu, isiyozunguka)?

Itazame kwanza inapokwama. Ukiiwasha, ukaenda kuteleka chai na kurudi bado haijafunguka, shida ni diski. Diski ya kuzunguka husoma takriban MB 100 hadi 150 kwa sekunde. SSD ya SATA (njia ya kuunganisha diski na kompyuta) hukaribia 500. Mwenye duka la kuchapisha, wateja wamesimama mlangoni, hapo ndipo pesa yake iende. Gharama yake nyingine ni kazi: lazima uhamishe mfumo mzima (kama Windows) au uuweke upya. Na SSD ikifa huweza kufa ghafla, kwa hivyo nakala za faili ziwe pembeni.

Lakini kama inawaka vizuri, ikaja kuganda ukifungua kurasa kumi za intaneti, hiyo ni RAM. GB 4 leo hazitoshi. 8 zinampa mwalimu au mwanafunzi nafasi ya kupumua. Kuiweka ni dakika chache, ila RAM ina vizazi, na ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, basi soma kibandiko cha RAM iliyomo kabla ya kununua.

Upepo wetu wa bahari una chumvi, nayo huchafua meno ya RAM. RAM ikianza kusumbua, chomoa waya wa stima, itoe, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, uirudishe mpaka vibanio vilie "tak". Mara nyingi hupona bila kununua kitu.