Tangi la lita 1,200 la maji ya bahari na samaki wakubwa sebuleni: maoni yangu baada ya kuishi nalo

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Linafaa, na ningelijenga tena kesho, lakini kwa mtu anayetaka samaki wakubwa, wale wa kuangaliana nao macho kwa macho. Kama shida yako ni pambo la ukutani tu basi chukua tangi dogo la maji matamu uweke samaki wadogo wadogo, utafurahi na mfuko wako utapumua.

Sasa tangi lenyewe. Urefu mita 2, upana sentimita 80, kimo sentimita 75, ukizidisha zinakuja lita 1,200, halafu toa kidogo kwa sababu ya mawe. Halikuagizwa kutoka nje, limejengwa na fundi wa vioo hapa hapa Mombasa, kioo cha milimita 19 na silikoni safi isiyo na dawa ya kuua ukungu (hii msisitize sana kwa fundi, ile ya kuzibia bafuni inaua samaki). Alipomaliza akaliacha likauke vizuri, akalijaza maji uani siku kadhaa kuangalia kama linavuja kabla hata halijaingia ndani. Kazi safi. Maji peke yake hapo ni kilo 1,200, ongeza kioo, mawe na meza ya chuma unapita tani moja na nusu, kwa hivyo wale mnaoishi ghorofani tafadhali muoneni mtu wa majengo kwanza, mimi niko nyumba ya chini na sakafu ni zege. Gharama ya kioo na meza tu ilifika bei ya bodaboda mpya, na hapo hujanunua pampu wala samaki.

Lakini haya, tuje kwa samaki maana ndio sababu ya yote.

Watu wananiuliza kwa nini usiweke wale wadogo wengi wenye rangi, wapendeza na hawali sana. Wapendeza kweli. Ila samaki mdogo kwenye tangi unamuona kama kundi, rangi inapita inarudi, basi. Samaki mkubwa unamjua mmoja mmoja na yeye anakujua wewe. Nina bunju, yule yule ambaye wavuvi wakimpata wanamtupa kwa ajili ya sumu yake, na huyu ndiye kipenzi cha nyumba nzima. Nikiingia sebuleni anatoka pembe ya mbali anakuja kwenye kioo, macho yake yanazunguka kila moja kivyake, anapepesa vile vipezi vidogo kama ana haraka ya kusema kitu, na akigundua nimeshika bakuli anapanda juu kabisa anatema maji nje. Akija mgeni hafanyi hivyo, anakaa nyuma ya jiwe anachungulia. Mwanangu wa kike anamuita babu. Aina yake hufika sentimita 50 baharini, na meno yake hayaachi kukua, kwa hivyo lazima umpe vitu vigumu vya kutafuna, kaa wadogo, kome, chaza na maganda yake, la sivyo meno yanazidi mdomo na anashindwa kula. Na tafadhali usimchokoze ili avimbe upige picha, anavimba kwa sababu ameogopa.

Mwengine ni kitatange, ile aina ya mfalme. Huyu jamani nashindwa hata kuanza. Ukimnunua mdogo ni buluu iliyokolea na miviringo myeupe mmoja ndani ya mwengine, huwezi kuamini ni samaki yule yule, maana akikua miviringo inafutika taratibu inakuja mistari ya manjano na buluu ubavuni, na ile barakoa nyeusi machoni. Mabadiliko haya yanaweza kuchukua mwaka na zaidi, na kuna wakati katikati hapo anabeba rangi zote mbili kwa pamoja. Kukaa na samaki mmoja ukamuona akigeuka hivyo polepole mbele yako, hilo picha ya simu haiwezi kukupa. Anafika hadi sentimita 40, na akishtuka anatoa mlio, dup, dup, unausikia nje ya kioo. Mara ya kwanza nilidhani pampu inakufa.

Kikande naye ni fundi wa ujenzi. Anahamisha mawe usiku, asubuhi unakuta tangi limepangwa upya. Akilala anajibana kwenye ufa anasimamisha ule mwiba wa mgongoni unajifunga, hapo hata umvute hatoki. Ni mkali, anakula konokono, anakula kamba, akikukuta na mkono ndani anakuuma, kwa hivyo ukiwa na samaki kama huyu sahau matumbawe hai na vile viumbe laini laini. Na kuna puju anayeogelea urefu wote wa tangi kutwa, huyu ndiye aliyenifanya nikatae tangi fupi. Mkiani ana visu pande zote mbili, ukiingiza mkono mfikirie kwanza yeye yuko wapi.

Hapa niseme kwa uzito. Kuna samaki hawapaswi kuingia nyumbani hata uwe na pesa. Papa usijaribu, yule wa ncha nyeusi za mapezi anapita mita moja na nusu na aina hii haipumziki, inaogelea tu, kona za kioo zinamuumiza. Na wale chewa wadogo wa manjano na nyeusi wanaouzwa wakiwa urefu wa kidole, wazuri kupindukia, ni watoto wa chewa jitu, samaki anayefika mita 2.7 na kilo 400. Hata lita 1,200 ni beseni kwake, na kabla hajafika huko atakuwa ameshawameza wenzake wote. Kuna duka nililoingia (jina naliacha) kijana aliniambia eti samaki hukua kulingana na tangi. Si kweli hata kidogo, anayedumaa kwenye tangi dogo ni mgonjwa, na hufa mapema.

Maji. Sisi wa pwani tuna bahati, wenzetu wa bara wananunua chumvi ya pakiti wanachanganya takriban gramu 35 kwa lita, sisi bahari iko hapo. Lakini usichote popote. Nachota maji yakijaa, mbali na midomo ya vijito na mifereji, na kipindi cha mvua ya masika siendi kabisa kwa sababu maji ya juu yanakuwa mepesi na machafu. Nachuja kwa kitambaa, nayaacha yatulie gizani, napima chumvi ndipo yaingie. Kila wiki mbili nabadilisha lita 200 hivi, ni mitungi kumi ya lita 20, mgongo unajua. Maji yanayopungua kwa joto unajazia maji matamu, si ya chumvi, maana kinachopaa ni maji na chumvi inabaki. Ya kisima cha hapa mjini nayo yana chumvi yake na uchafu, nanunua yaliyochujwa. Miezi ya Februari na Machi joto linapanda sana, feni mbili zinazopuliza juu ya maji zinashusha nyuzi kadhaa bila kununua mashine ya kupoza.

Kitu ambacho sitaki mtu aruke ni kusubiri. Tangi jipya na mawe yake (nimetumia mawe ya machimboni, yale yale ya kujengea nyumba, si ya kung'oa baharini) linahitaji wiki 4 hadi 6 bila samaki ili bakteria wazaliane, wao ndio wanageuza amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa naitraiti halafu naitreti. Samaki wakubwa wanakula sana na wanachafua sana, kwa hivyo skima ya povu (mashine inayotoa uchafu majini kwa mapovu) nunua kubwa kuliko ile wanayokuandikia kwenye boksi, ule uji wa kahawia unaotoka pale kila siku ungekuwa unaozea ndani. Na samaki mpya akae kwanza tangi la pembeni, ugonjwa wa vidoa vyeupe ukiingia tangi kubwa dawa yake ya shaba huwezi kuiweka mule bila kuharibu mawe.

Stima ikipotea nini kinatokea? Samaki wakubwa wanamaliza hewa haraka sana, mimi nina inveta na betri ya kuendesha pampu moja usiku mzima. Hii ihesabu kwenye bei ya tangi tangu mwanzo, si nyongeza.

Samaki wangu wametoka kwa wazamiaji wenye leseni wa pwani ya kusini, hao hao wanaowauzia wanaosafirisha kwenda Ulaya na Marekani. Uliza wamewashika wapi na vipi. Ndani ya mbuga ya bahari ya Kisite, huko huko pwani ya kusini, hairuhusiwi kushika kitu, na mvuvi anayetumia wavu mdogo wa mkono samaki wake anafika mzima, mapezi hayajachanika, na anakula siku ya pili. Huyo mlipe vizuri bila kubishana.

Chakula si ghali kama wanavyotisha, mabaki ya ngisi, kamba na kaa kutoka soko la samaki, na mwani kwa puju na kitatange, ila badilisha badilisha, usiwalishe kitu kimoja mwezi mzima.

Kwa fundi natoa nyota nne kati ya tano. Kioo nyota tano, meza nyota tano, ameacha namba na akiitwa anakuja. Nyota moja nimeitoa kwa sababu bomba la kurudisha maji amelipitisha pembeni badala ya nyuma, kwa hivyo tangi haliwezi kukaa sawasawa kwenye kona na kusafisha upande ule ni taabu. Mkimpa kazi mwambieni atoboe matundu nyuma, na mlango wa meza uwe mpana wa kutosha kutoa skima nzima bila kuifungua.